Ruhusa kwenye Mashine ya Sabrin

Adow anauza dawa za mifugo katika mtaa wa Iftin, mjini Garissa. Mbele ni duka, nyuma ni nyumba ya familia, na katikati kuna pazia tu. Asubuhi wafugaji humjia na vumbi la safari miguuni. Huyu anataka dawa ya kupe, yule ana mbuzi anayeharisha. Adow huuliza maswali mengi kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Hana haraka. Watu humpenda kwa hilo, ingawa mkewe Ramlo husema mteja wa kwanza humaliza asubuhi nzima.

Jambo jingine linalojulikana kuhusu Adow ni kwamba nyumba yake haikosi mgeni. Ndugu akitoka Hulugho kuuza ng'ombe, hulala kwake. Akitoka Masalani kufuata kitambulisho, hulala kwake. Hakuna anayeulizwa ataondoka lini. Mgeni hula kinacholiwa na hutumia kilichopo, na akipenda shuka alilojifunika, huenda nalo. Adow alilelewa hivyo. Kumnyima ndugu kitu kilichomo nyumbani ni aibu ambayo hangeweza kuibeba.

Binti yao, Sabrin, ana miaka minane. Alizaliwa kwa shida, na ubongo wake ulikosa hewa kwa muda. Tangu hapo misuli yake haimtii. Hatembei, na ulimi wake haushiki maneno. Lakini msimwonee huruma mkafikiri haelewi. Sabrin huelewa mzaha kabla ya wakubwa, na humtambua mgeni kwa kusikia viatu vyake mlangoni.

Baada ya Ramadhani, Sabrin alianza kulia. Alilia baada ya chakula. Alilia jioni, kilio kirefu cha kuchoka. Ramlo alimbeba mgongoni akazunguka naye uani, akimwuliza anaumwa wapi. Sabrin alirusha kichwa huku na huku. Mdomo wake ulifunguka, na hakuna neno lililotoka. Walimpeleka hospitali, wakapewa dawa ya tumbo. Kilio kikaendelea. Sheikh alikuja akamsomea, wakamshukuru, na kilio kikaendelea. Mtoto alianza kukataa chakula, akakonda hadi mifupa ya mabega ikaonekana.

Hilo ndilo lililomvunja Adow moyo. Mwanawe aliumwa mbele ya macho yake, na hakuwa na njia ya kumwambia ni wapi.

Mama mmoja anayewafanyisha watoto mazoezi ya viungo aliwaambia habari ya programu iitwayo Ubao. Mtoto hugusa picha kwenye kioo cha kompyuta, na kompyuta hulitamka neno. Akigusa picha ya maji, inasema maji. Programu hiyo hutolewa bure mtandaoni. Kompyuta yenyewe walikuwa nayo tayari. Walikuwa wamepewa na kikundi kinachosaidia watoto wenye ulemavu. Ilikuwa mashine iliyotumika, yenye kioo cha kuguswa, na ilitumia mfumo wa Linux.

Tatizo moja tu: Ubao ilijua Kiingereza na Kiswahili, haikujua Kisomali, lugha wanayosema nyumbani. Lakini mzazi angeweza kurekodi maneno kwa sauti yake.

"Basi nitamsemea mimi," Ramlo alisema. "Atatumia sauti yangu mpaka apate yake."

Jioni hiyo Adow alipakua Ubao. Faili ilifika salama. Akaibonyeza, na hakuna kilichotokea. Maelezo ya mtandaoni yalimwelekeza afungue dirisha la amri, yaani dirisha jeusi ambamo mtu huandika maneno badala ya kubonyeza picha. Akaandika kama alivyoagizwa:

./ubao.run

Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba ruhusa imekataliwa.

Adow alikasirika. Mashine ni yake, iko juu ya meza yake, inakula umeme wake. Inamnyima ruhusa kwa amri ya nani? Aliandika tena. Ikamkatalia tena.

Akauliza kwenye kikundi chao cha simu. Jamaa mmoja alimjibu upesi: tanguliza neno sudo. Hilo ni neno linalompa mtu mamlaka ya mkuu wa mashine kwa muda. Adow akaandika:

sudo sh ubao.run

Mashine ilimwomba neno la siri. Akaliweka, na Ubao ikajipakia kwenye folda ndani ya akaunti yake. Adow akapumua. Alidhani kazi imekwisha.

Kesho yake Ramlo alikaa mbele ya mashine, akasafisha koo, akatamka "biyo", ambayo ni maji. Alipobonyeza ili sauti ihifadhiwe, mashine ikasema ruhusa imekataliwa. Akajaribu neno jingine. Ikakataa pia. Programu iliwaka vizuri, lakini haikukubali kuweka chochote.

Adow alirudi kwa yule jamaa. Safari hii alipewa amri ndefu zaidi:

sudo chmod -R 777 /home/adow

Adow hakuwa mjinga. Kabla ya kuiandika aliuliza maana ya saba hizo tatu. Jamaa akamwambia zina maana kwamba kila mtu anaruhusiwa kila kitu. "Fungua yote, ndugu yangu, utapumzika."

Maneno hayo yalimwingia Adow vizuri kabisa. Kompyuta hiyo ilikuwa na akaunti mbili. Moja ilikuwa yake, yenye neno la siri. Nyingine aliifungua kwa ajili ya wageni, bila neno la siri, ili ndugu wapate kuona bei ya mifugo na kuwasiliana na watu wao. Sasa mashine ingekuwa kama nyumba yake: hakuna ndugu anayezuiwa popote. Msimcheke. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo, na tungejiona wakarimu.

Aliandika amri ile. Ruhusa haikukataliwa tena.

Ramlo alirekodi kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kabla ya mikokoteni ya punda kuanza kupita na maji. Alirekodi maji, chai, joto, baridi, nyanya, nataka, sitaki. Aliposikia sauti yake imekwaruza, alirudia. Ilimchukua wiki kadhaa. Alitaka mtoto wake akisema, aseme vizuri.

Siku ya kwanza walimweka Sabrin mbele ya kioo, mkono wake ulitetemeka sana. Ulipita picha ya maji, ukarudi, ukapita tena. Mwishowe kidole kikatua.

"Biyo," kompyuta ikasema kwa sauti ya Ramlo.

Ramlo alileta maji, na Sabrin akanywa. Adow alikuwa amesimama kwenye pazia akiwa na chupa ya dawa mkononi, na mteja alimwita mara mbili bila kusikika.

Katika wiki hiyo hiyo alifika Olow kutoka Hulugho. Olow ni mtoto wa baba mdogo wa Adow, mkubwa kidogo kwake kwa umri, mfugaji wa ngamia. Alikuja kutibiwa jicho. Adow alimpokea kama anavyowapokea wote. Akamwonyesha kompyuta, akamwambia aitumie apendavyo, ni yake.

Wanawe Olow walikuwa wakimtumia video za ngamia kutoka malishoni, ili baba awaone wanyama wake hata akiwa mbali. Olow alizihifadhi kwenye akaunti ya wageni. Siku moja mashine ikamwambia nafasi imejaa. Olow akatafuta cha kupunguza. Akaingia folda hii, akaingia ile, na hakuna mlango uliomzuia. Akakuta folda iliyojaa vifaili vidogo vidogo vya sauti visivyo na majina ya kueleweka. Alivichukulia kuwa takataka za mashine. Akavifuta kabisa, akaendelea kuhifadhi ngamia wake.

Asubuhi iliyofuata Sabrin aliwekwa mbele ya kioo. Kidole kikatua kwenye picha ya maji. Kimya. Akainua mkono kwa shida, akagusa tena. Kimya. Akagusa chai, akagusa nyanya, akagusa nataka. Alimtazama mama yake, kisha akarudi kugusa maji, tena na tena, mpaka Ramlo akaushika ule mkono na kuubusu ili usiendelee.

Sabrin hakulia siku hiyo. Aligeuza uso, hakutaka kukitazama kioo.

Olow alipoelewa alichokifanya, aliketi kwenye mkeka akafunika uso kwa kilemba. Alitaka kurudi Hulugho siku ile ile, jicho libaki kama lilivyo. Adow alimzuia. Alimwambia kosa si lake. Aliyemwambia mashine ni yake ni nani?

Ramlo alikuwa mlangoni. Hakupaza sauti.

"Umefungulia kila mtu, Adow," alisema. "Aliyefungiwa ni mtoto wako."



Ramlo ndiye aliyemwita Tiya. Tiya ni jirani yao, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi hapo mjini. Ni mtu wa upande wa Wajir, na nyumbani kwao husema Kioromo, kwa hiyo yeye na jirani zake huzungumza Kiswahili. Alifika alasiri. Alimsalimu Olow kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha akaketi karibu na Sabrin, akamshika mkono kabla ya kuigusa mashine.

Alijaribu kwanza kurudisha sauti zilizofutwa. Alijaribu kwa muda mrefu. Mwishowe akawaambia ukweli: video zilikuwa zimeandikwa juu ya sauti, na hakuna kilichobaki. Ramlo aliitikia kwa kichwa, akaondoka kwenda jikoni. Walimsikia akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Mwalimu, hii mashine mimi siielewi," Adow alisema. "Nikifunga inanikatalia. Nikifungua inaniharibia. Inataka nini?"

"Inataka uiambie nani ni nani," Tiya akajibu. "Hujawahi kuiambia."

Akafungua dirisha la amri, akaandika ls -l. Majina ya faili yakajipanga. Mbele ya kila jina palikuwa na herufi: rwxrwxrwx.

Tiya akaeleza polepole. Herufi r ni ruhusa ya kusoma. Herufi w ni ruhusa ya kuandika. Ukiwa nayo kwenye folda, unaweza kuweka vitu humo na kuvifuta. Herufi x ni ruhusa ya kuendesha programu. Kwenye folda, ni ruhusa ya kuingia ndani. Herufi hizo zinarudiwa mara tatu. Za kwanza ni za mwenye faili. Za pili ni za kikundi chake. Za mwisho ni za watu wengine wote.

"Na zile saba?" Adow akauliza.

"Kusoma huhesabiwa nne, kuandika mbili, kuendesha moja. Jumlisha."

"Saba."

"Saba ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya kikundi. Ya tatu ni ya yeyote anayeketi hapa."

Adow alitazama kioo. Aliona sasa kwamba folda ya sauti za Ramlo ilikuwa wazi kwa mtu yeyote. Lakini jambo moja lilimsumbua, akalisema waziwazi. Yeye hawezi kumfungia ndugu. Olow ni damu yake. Atamwambiaje kwamba humu usiingie?

Tiya hakumcheka. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akauliza kuhusu visima. Kwao Wajir, alisema, kisima kina mwenyewe aliyekichimba. Kuna ukoo wake. Kuna mpita njia na mifugo yake. Je, Hulugho ni tofauti?

Aliyejibu ni Olow, kutoka kwenye mkeka. Alisema ni hivyo hivyo.

"Mpita njia hunyimwa maji, adeer?" Tiya akamwuliza, akitumia neno la heshima la Kisomali la kumwita mzee.

"Hanyimwi. Hata adui hunywa."

"Akishuka kisimani na jembe akaanza kukichimba upya?"

Olow alitikisa kichwa. "Huyo atatolewa," alisema. "Hata akiwa ndugu yangu. Kisima kikiporomoka, sote tunakufa kwa kiu."

Adow alimtazama binamu yake. Mzee alikuwa amesema bila kinyongo. Adow akajisogeza karibu na mashine.

Tiya akarudi mwanzo kabisa, kwenye siku ya kupakua. Alieleza kwamba faili inayotoka mtandaoni kwa kawaida huingia bila ruhusa ya kuendeshwa. Mashine haifanyi hivyo kwa ubaya. Faili hiyo ni mgeni asiyejulikana, na mashine inasubiri mwenyewe athibitishe kwamba anaijua. Adow alihitaji kutoa ruhusa hiyo moja tu, kwa faili hiyo moja tu. Badala yake alitumia nguvu za mkuu.

"Mkuu wa mashine huitwa root," Tiya alisema. "Ulipotanguliza sudo, folda ya Ubao ikawa mali ya root. Ramlo alipohifadhi sauti kwa akaunti yako, alikuwa anaweka vitu kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mashine ilimkatalia kwa haki. Ndipo ukavunja kuta zote."

Hakuandika yeye. Alimsogezea Adow mashine, akamwambia kila amri aiandike mwenyewe na aeleze maana yake kabla ya kubonyeza. Ya kwanza ilikuwa hii:

sudo chown -R adow:adow /home/adow

Hiyo inarudisha mali yote ya akaunti kwa Adow. Hapa sudo ina kazi ya halali, Tiya alisema, kwa kuwa mkuu peke yake ndiye awezaye kuhamisha umiliki. Ya pili haikuhitaji sudo, kwa sababu mwenye mali anaruhusiwa kufunga mlango wake:

chmod 700 /home/adow

"Saba ni mimi," Adow alisema taratibu. "Sifuri ni kikundi. Sifuri ni wengine."

"Na wageni bado wana akaunti yao. Wataona bei, watatuma salamu, watatazama ngamia. Hakuna aliyefukuzwa." Tiya aliongeza kwamba ndani bado kulikuwa na faili zilizoachwa wazi, lakini mlango wa nje ulikuwa umefungwa, na hizo za ndani wangezirekebisha kidogo kidogo.

Kisha waliifuta Ubao ya zamani na kuipakua upya kutoka kwa wenyewe walioitengeneza. Tiya alimwonyesha namna ya kulinganisha alama ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaoitambulisha, na ile iliyoandikwa mtandaoni, ili kuhakikisha imefika nzima na haikuchezewa. Zilifanana. Ndipo Adow akaandika:

chmod u+x ubao.run

Herufi u ni mwenye faili, alama ya kujumlisha ni kuongeza, na x ni kuendesha. Mwenye faili, na yeye tu, sasa anaweza kuiendesha. Akaandika ./ubao.run, bila sudo. Mashine haikubishana naye. Ubao ikajipakia ndani ya folda yake, kwa jina lake. Ramlo aliitwa ajaribu neno moja. Akatamka "biyo". Sauti ikahifadhiwa.

Kabla ya kuondoka Tiya alimpa Ramlo flashi, akamwambia kila akimaliza kurekodi aweke nakala humo na aifungie anakojua yeye. Kwa Adow alikuwa na neno moja la mwisho.

"Ikikukatalia tena, usikimbilie nguvu. Uliza kwanza faili ni ya nani, na wewe umekosa ruhusa gani. Toa hiyo tu."

Ramlo alianza upya. Safari hii hakurekodi peke yake. Alimpakata Sabrin, wakapita picha pamoja. Mtoto hakutaka kuachwa tena nje ya kazi hiyo. Picha akiipenda, aliguna. Walipomaliza mama na baba, walifika kwenye picha za mwili: kichwa, jicho, sikio, jino, tumbo, mguu. Ramlo alitaka kuzipita, akaanze na vyakula. Sabrin aliguna kwa nguvu. Mkono wake ukapiga kioo. Ramlo akarudi, akarekodi kichwa, akarekodi jicho. Sabrin aliendelea kuguna. Ramlo alipotamka "ilig", yaani jino, mtoto alitulia.

Kidole kikatetemeka, kikatua.

"Ilig," kompyuta ikasema.

Ramlo alitabasamu, akadhani ni mchezo. Akaendelea hadi picha ya uso unaolia, akarekodi neno la maumivu. Sabrin hakungoja. Aligusa picha tatu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimchukua muda mrefu kuifikia.

"Hooyo," kompyuta ikasema. Mama. "Ilig. Xanuun."

Mama. Jino. Maumivu.

Ramlo alisikia sauti yake mwenyewe ikimwita. Alimwita Adow kwa namna iliyomfanya aache mteja na duka wazi. Adow alikuja, akasikiliza, na Sabrin akarudia yote. Adow akapiga magoti. Wakamfungua mtoto kinywa, kazi ngumu kwa sababu taya zake hujibana. Adow akamulika kwa simu. Huko nyuma kabisa, gego moja lilikuwa limeoza hadi kwenye fizi, na fizi ilikuwa imevimba.

Kila siku ya Mungu Adow alifungua midomo ya mbuzi wa watu akatazama meno. Hakuwahi kufungua mdomo wa binti yake. Aliketi chini akalia mbele ya mkewe, na hakujificha. Kila jioni mtoto alipolia walikuwa wamempa chai yenye sukari nyingi ili anyamaze.

Kesho yake walikuwa hospitali mapema. Daktari wa meno aling'oa gego na kutoa dawa ya fizi. Baada ya wiki moja Sabrin alikuwa anakula. Baada ya mwezi mabega yalikuwa yamejaa. Jioni ya Iftin ikarudi kuwa jioni ya kawaida, yenye adhana na kelele za watoto wa jirani.

Adow sasa huwafundisha wengine. Mtu akimjia na mashine iliyokataa faili, humwuliza faili ni ya nani. Humwandikia chmod u+x na kumweleza kila herufi. Akisikia mtu anataja zile saba tatu, humkalisha kwenye benchi la wateja. Na Ramlo husema kweli: humaliza asubuhi nzima.

Baada ya mvua, Olow alirudi Garissa kupimwa jicho. Alitumia akaunti ya wageni na hakuona kwamba amepungukiwa na kitu. Siku ya tatu alimwambia Adow kwamba huko Hulugho kuna jirani mwenye mtoto kama Sabrin. Angependa kuiona Ubao vizuri, aishike mwenyewe, ili akamweleze.

Mkono wa Adow ulikwenda kwenye mashine kabla hajafikiri. Kisha ukasimama.

"Ina mwenyewe," alisema. "Muulize yeye."

Mzee Olow aliinama. Magoti yake yalilia. Aliweka uso wake sawa na uso wa mtoto, akamwuliza kwa adabu, kama anavyomwuliza mtu mzima, kama anaweza kuutumia ubao wake kwa muda kidogo.

Sabrin alimtazama. Mkono ukainuka, ukayumba, ukatafuta.

"Maya," kompyuta ikasema. Hapana.

Mgeni alikuwa amenyimwa kitu nyumbani kwa Adow, mbele ya Adow. Alingoja aibu imshike. Haikuja. Ramlo alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Kwa miaka minane watu walimbeba mtoto huyu, wakamlisha, wakamgeuza ubavu huu na ule. Hakuna aliyewahi kumwuliza kitu akangoja jibu.

Olow aliinuka taratibu, akashika ukuta.

"Amekataa," alisema. "Basi nitaomba tena kesho."

Akarudi kwenye mkeka wake, akaketi.